Shehena moja ya mahindi, majibu mawili ya aflatoksini: nani kakosea?

Swali: "Tuna mahindi tani 20, magunia 400 ya kilo 50, ya kutengenezea chakula cha ng'ombe wa maziwa. Tulichota kilo moja moja tukapeleka maabara mbili. Ya kwanza ilipima kwa ELISA (kipimo cha rangi kinachotumia kingamwili) ikatupa aflatoksini mikrogramu 6 kwa kilo, ya pili ikapima kwa HPLC (mashine inayotenganisha kemikali) ikatupa 31. Mahindi ni yaleyale. Nani kakosea, na tupime vipi ili tupate jibu la kuaminika?"

Inawezekana kabisa hakuna aliyekosea. Mlichokipeleka maabara ya kwanza si kile mlichokipeleka ya pili, hata kama vyote vilitoka stoo moja, siku moja. Kabla ya kulaumu mashine au fundi tuanzie kwenye gunia, kwa kuwa huko ndiko sehemu kubwa ya makosa ya upimaji wa aflatoksini inakozaliwa.

Aflatoksini ni sumu ya kuvu, na haienei kwenye mahindi kama chumvi kwenye mchuzi. Kuvu wanaoitengeneza, hasa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, huingia kwenye punje chache zilizotobolewa na wadudu, zilizopasuka au zilizodhoofishwa na ukame shambani. Punje iliyo jirani kwenye gunzi lilelile yaweza kuwa safi kabisa. Punje moja moja za mahindi zilizoathirika vibaya zimewahi kukutwa na kiwango cha zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo, na za karanga zaidi ya 1,000,000. Tupige hesabu. Punje ya gramu 0.3 yenye kiwango cha 400,000 imebeba mikrogramu 120 za sumu. Idondoshe hiyo moja kwenye kilo 10 za mahindi safi, yaani punje kama 33,000, na kilo zote 10 zitasoma mikrogramu 12 kwa kilo. Ni punje moja tu iliyofanya hivyo.

Sasa chukulia kwamba wastani wa kweli wa shehena yenu ni 15, na sumu yote imo kwenye punje za namna hiyo. Maana yake kuna punje moja mbaya katika kila kilo 8. Ukichota kilo 1, karibu mara 9 kati ya 10 hutaipata, na maabara itaandika kwamba hakuna kitu. Ile mara moja ukiipata, itaandika 120. Majibu yote mawili ni ya kweli kwa kilo ile iliyopimwa, na yote mawili hayasemi kweli kuhusu tani 20. Kwenye shehena halisi sumu imegawanyika katika punje za viwango mbalimbali, kwa hiyo mambo huwa si makali kiasi hicho, lakini tabia ni ileile: sampuli ndogo mara nyingi hushusha, na mara chache hupandisha kupita kiasi. Kupata 6 na 31 kwa sampuli za kilo moja moja ni jambo la kawaida.

Kwa upande mwingine, maabara mbili nzuri zikipima unga uleule uliosagwa na kuchanganywa vizuri, katika viwango hivi vya chini tofauti kati yao hutarajiwa kuwa na mtawanyiko wa karibu asilimia 22. Moja ikisema 10 na nyingine 13, hakuna ugomvi hapo. Kutoka 6 hadi 31 ni mbali mno kuweza kuelezwa na mtawanyiko huo.

Basi sampuli ichukuliwe hivi. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa nafaka ya chakula hutaka shehena ya zaidi ya tani 10 hadi 20 ichotwe mara 60, gramu 100 hivi kila mara, ili kupata kilo 6 kwa jumla. Zaidi ya tani 20 ni mara 100 na kilo 10. Shehena isiyozidi kilo 50 inatosha kuchotwa mara 3. Kwenu ninyi, magunia 400 kugawa kwa 60 ni kila gunia la sita au la saba. Piga kura kupata namba ya kuanzia kati ya 1 na 6, kisha hesabu kila la sita hadi mwisho: utapata machoto 66 au 67, kilo 6 na nusu hivi. Tumia bambo refu linalofika katikati ya gunia, lichomeke kwa mshazari, na badilisha upande kila mara: hili juu, lile chini, jingine ubavuni.

Tatizo kubwa la stoo ni kwamba magunia ya katikati ya rundo hayafikiki, na mchotaji huishia kutoboa yale ya mlangoni na ya juu. Wakati mzuri kuliko wote ni magunia yanapopakiwa au kupakuliwa, kwa sababu kila gunia litapita mbele yako. Kama mahindi yanamwagwa kwenye mkanda au mfereji, katisha mkondo mzima na chombo chako kila baada ya muda uliopangwa, usichote pembeni ya mkondo. Magunia yaliyolowa, yaliyogusa ukuta au yaliyokaa moja kwa moja kwenye sakafu yatenge na yachukuliwe kama shehena nyingine. Na mchotaji asitupe punje iliyooza aliyoiona kwenye bambo, wala asiitafute. Macho yakishachagua, sampuli imekwisha kuharibika.

Taa ya mwanga wa urujuanimno inayotumika kumulika punje zilizovunjwa inaweza kuwaonya, lakini isiwaamulie. Ule mng'ao wa kijani-njano hautokani na aflatoksini yenyewe. Hutokana na asidi ya koji inayotengenezwa na kuvu haohao, ikishabadilishwa na vimeng'enya vya punje. Punje inaweza kung'aa bila sumu, na sumu ikawapo bila mng'ao.

Weka sampuli kwenye mfuko wa karatasi nzito au wa kitambaa. Mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 14 yakifungiwa kwenye plastiki na kukaa siku mbili ndani ya gari lenye joto, kuvu wataendelea na kazi njiani, na maabara itapima sumu ambayo haikuwepo stoo. Kama ni mabichi, yakaushe siku hiyohiyo au yagandishe. Msiogope kwamba joto la kukaushia litapoteza sumu mnayoitafuta: aflatoksini huvumilia joto la kupikia la kawaida, sembuse la kukaushia.

Sasa kinu. Hapa kazi yote ya stoo huweza kupotea kwa dakika mbili. Kilo 6 na nusu zimefika, fundi anachota gramu 200 juu ya mfuko, anasaga hizo, anapima hizo. Sampuli imekuwa ya gramu 200, na zile safari 66 za bambo zimekwenda bure. Sampuli yote isagwe kwanza, ndipo ipunguzwe. Ile punje yenye mikrogramu 120 ikisagwa inageuka maelfu ya chembe zinazoweza kuchanganyika na nyingine. Ikibaki nzima, ama imo kwenye kipimo ama haimo. Kwa ulaini, angalau robo tatu ya unga ipite kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 0.85. Unga wa chenga chenga huleta hasara mbili: mchanganyiko hauwi sawa, na kiyeyushi hakifiki ndani ya chembe kubwa.

Kupunguza nako kuna utaratibu. Kama hakuna kigawanyio cha mifereji, mwaga unga wote juu ya karatasi safi, uchanganye vizuri, uutandaze duara, ukate robo nne, ondoa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki na urudie hadi upate gramu 500 hivi. Usichote juu ya mfuko: punje iliyoliwa na kuvu ni dhaifu, husagika kuwa vumbi, na vumbi hilo huzama chini mfuko unapotikisika. Kati ya sampuli na sampuli kinu kifagiliwe kwa brashi, kisha kisage konzi ya nafaka safi ya kutupwa. Fundi avae barakoa inayozuia vumbi, kwa sababu sumu hii husafiri na vumbi hilo.

Kutoka hapa ndipo vipimo vinapoachana, na swali lenu la ELISA dhidi ya HPLC linapopata maana.

ELISA ya aflatoksini ni kipimo cha kushindania nafasi. Vishimo vya sahani vimepakwa kingamwili chache, yaani protini zinazoishika sumu. Unaweka dondoo la sampuli (kimiminika kilichochujwa kutoka kwenye unga) pamoja na sumu ya kiwandani iliyofungiwa kimeng'enya kinacholeta rangi, na hizo mbili zinagombea kingamwili zilezile. Sumu ya sampuli ikiwa nyingi, yenye kimeng'enya inakosa nafasi, inaoshwa, na rangi inakuwa hafifu. Kwa hiyo rangi kali maana yake ni sumu kidogo. Vijiti vya kuchovya hufuata mantiki hiyohiyo: mstari wa kipimo ukififia au kutoweka, sumu ipo. Anayesahau jambo hili husoma kila kitu kinyume.

Utaratibu wa kawaida ni huu, ingawa kila kiti (seti ya vifaa vya kipimo, "kit" kwa Kiingereza) ina karatasi yake na hiyo ndiyo ya kufuata. Pima gramu 20 za unga, ongeza mililita 100 za methanoli ya asilimia 70, tikisa kwa nguvu dakika 3, acha itulie, chuja. Mchanganyiko wa asilimia 70 hutengenezwa kwa kupima mililita 700 za methanoli na 300 za maji kila kimoja peke yake, kisha kuchanganya. Ukijaza maji hadi alama ya lita moja utakuwa umeongeza maji kupita kiasi, kwa sababu vimiminika hivi viwili hupungua ujazo vinapokutana. Maji yana kazi yake humo: yanalowesha na kutanua wanga ili methanoli iingie ndani.

Weka mikrolita 200 za kimiminika chenye kimeng'enya kwenye kila kishimo cha kuchanganyia, ongeza mikrolita 100 za kiwango rejea (kimiminika chenye kiasi cha sumu kinachojulikana) au dondoo, changanya kwa pipeti, hamisha mikrolita 100 kwenye kishimo chenye kingamwili. Subiri dakika 15. Mwaga, osha mara 5, gonga sahani juu ya karatasi ya kunyonya hadi isitoe tone. Weka mikrolita 100 za kimiminika cha rangi, subiri dakika 5, simamisha kwa mikrolita 100 za kisimamishi, soma kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 450.

Makosa yake yanafuata mantiki ileile ya kugombea. Kuosha vibaya huacha kimeng'enya kilichopaswa kuondoka, rangi inaongezeka, na jibu linashuka kuliko ukweli. Kati ya makosa yote, hili ndilo la hatari zaidi kwa sababu linampitisha aliyechafuka, na kama nikishuku ile 6 yenu ingawa unga ulikuwa mzuri, hapa ndipo ningeanza kutazama. Kinyume chake, chochote kinachodhoofisha kimeng'enya au kingamwili kinapunguza rangi na kupandisha jibu kwa uongo: dondoo lenye asidi, methanoli iliyozidi, kiti iliyotoka kwenye friji na kutumika ikiwa bado baridi. Pima pH ya dondoo, iwe kati ya 6 na 8. Kiti ikae nje mpaka ifikie joto la chumba. Tumia pipeti ya midomo mingi, la sivyo kishimo cha kwanza kitakuwa kimesubiri dakika kadhaa zaidi ya cha mwisho.

Tena msikubali namba iliyo juu ya kiwango rejea cha mwisho. Kama viwango vinaishia 40 na mashine imetoa 55, hiyo 55 ni ya kubahatisha. Dondoo lizimuliwe kwa methanoli ya asilimia 70, lipimwe upya, jibu lizidishwe. Kila sampuli iwe na vishimo viwili, na kila sahani iwe na sampuli moja ambayo kiwango chake kinajulikana.

HPLC huchukua njia ndefu zaidi, na ndefu kwa faida. Njia iliyozoeleka kwa mahindi na karanga ni hii: gramu 25 za unga, gramu 5 za chumvi, mililita 125 za methanoli ya asilimia 70, kwenye blenda ya kasi dakika 2. Chuja. Chukua mililita 15 za chujo, ongeza mililita 30 za maji, chuja tena kwa karatasi ya nyuzi za kioo, kisha pitisha mililita 15 kwenye safu (mrija mdogo) yenye kingamwili, tone moja au mawili kwa sekunde. Osha safu kwa mililita 10 za maji mara mbili, ndipo ng'oa sumu kwa mililita 1 ya methanoli. Ukifuatilia hesabu utaona kilichopita kwenye safu ni sawa na gramu 1 kamili ya unga.

Ile hatua ya kuongeza maji si ya kupuuza. Inashusha methanoli kutoka asilimia 70 hadi 23 hivi. Ukipitisha dondoo kali, kingamwili za safu zinalegea na sumu inapita moja kwa moja hadi kwenye chombo cha taka. Safu nayo ina kikomo cha kubeba. Ikiwa inabeba nanogramu 100, sampuli yoyote yenye zaidi ya mikrogramu 100 kwa kilo itaijaza na ziada itamwagika bila mtu kujua, kwa hiyo sampuli chafu sana huweza kusoma chini kuliko ilivyo. Dawa ni kupitisha kiasi kidogo zaidi cha dondoo na kurekebisha hesabu. Wakati wa kung'oa, acha methanoli ikae ndani ya safu kama dakika moja kabla ya kuisukuma, kisha sukuma hewa ili tone la mwisho litoke. Harakaharaka hapa hupoteza sehemu nzuri ya sumu.

Ndani ya mashine, aflatoksini hutambulika kwa mng'ao. Majina ya aina zake nne, B1, B2, G1 na G2, yametoka huko: B ni bluu na G ni kijani, kwa Kiingereza, zikimulikwa na mwanga wa urujuanimno. Ila kwenye kimiminika chenye maji B1 na G1 hung'aa kidogo mno, kwa hiyo hubadilishwa kwanza kikemia, kwa bromini au kwa mwanga, baada ya safu ya mashine na kabla ya kigunduzi. Kwa njia hizo vilele kwenye mchoro wa mashine hutoka kwa mpangilio wa G2, G1, B2, B1. Ukiona vilele vya B1 na G1 vya kiwango rejea vimenywea huku B2 na G2 viko palepale, usihangaike na pampu wala safu: kifaa cha kubadilishia ndicho kimekufa au kimechoka.

Njia ya tatu ni LC-MS/MS, ambayo hupima sumukuvu nyingi kwa mkupuo mmoja. Ni nzuri kwa chakula mchanganyiko, lakini viambato vya chakula hicho hukandamiza ishara ya mashine, kwa hiyo maabara iulizwe kama inatumia viwango vya ndani vyenye kaboni 13, yaani sumu ileile iliyowekewa alama na kutiwa kwenye sampuli. Kama haitumii, iwe na viwango rejea vilivyotayarishwa ndani ya dondoo la chakula safi cha aina hiyohiyo.

Kwa mahindi mazima ya kawaida, ELISA iliyofanywa vizuri inatosha kabisa kuamua gunia lipite au lisipite. Fedha mliyotaka kulipia mashine kubwa ni bora mlipie uchotaji na usagaji mzuri. HPLC au LC-MS/MS zitumike jibu likikaribia kikomo, kukiwa na mgogoro na muuzaji, au kinachopimwa kikiwa chakula kilichokwisha kuchanganywa.

Hapo kwenye chakula kilichochanganywa kuna mtego wake. Kiti nyingi zimethibitishwa kwa mahindi, karanga na nafaka nyingine chache. Molasi hubadilisha rangi na pH ya dondoo, mafuta mengi ya mashudu huziba vichujio na kutatiza dondoo, na madini yaliyoongezwa huweza kugusa kimeng'enya. Kubwa kuliko yote, kama chakula kimeshatiwa udongo wa kufyonza sumu, bentonaiti au unaofanana nayo, udongo huo hushikilia aflatoksini hata ndani ya methanoli, na jibu linatoka dogo ilhali sumu imo. Pimeni mahindi na mashudu kabla ya kuchanganya. Kama lazima kupima mchanganyiko, iambieni maabara wazi kwamba kuna udongo ndani, na muiombe itie kiasi kinachojulikana cha sumu kwenye chakula hichohicho ione kinarudi kiasi gani.

Huo ndio urejesho, na ni neno la kwanza la kutafuta kwenye ripoti. Kwa aflatoksini kati ya 1 na 10, kanuni za Umoja wa Ulaya za 2006 zilikubali urejesho wa asilimia 70 hadi 110. Ripoti iseme kama jibu limerekebishwa, kwa sababu 20 yenye urejesho wa asilimia 80 ikirekebishwa ni 25. Angalieni pia kama namba ni ya B1 peke yake au ni jumla ya B1, B2, G1 na G2. A. flavus kwa kawaida hutengeneza za B tu, A. parasiticus hutengeneza zote nne, na kingamwili za ELISA hazizishiki zote kwa nguvu sawa. Vizio viwe wazi: mikrogramu 6 kwa kilo ni sawa na miligramu 0.006 kwa kilo. "Haikugundulika" bila kutaja kiwango cha chini kinachopimika hakuambii chochote. Na ithibati ya maabara ya ISO/IEC 17025 itazamwe kama inataja kipimo hiki na aina hii ya sampuli, isiwe ya kupima maji. Muulize pia matokeo yao ya karibuni ya majaribio ya kulinganisha maabara: alama ya z (inayoonyesha jibu lao liko mbali kiasi gani na lile linalotarajiwa) isiyozidi 2, juu au chini ya sifuri, ni nzuri, na kuanzia 3 haikubaliki.

Aflatoksini isiwafumbe macho kwa sumukuvu nyingine. Mahindi yakiwa na kuvu wa Fusarium, fumonisini hupimwa kwa miligramu kwa kilo, si mikrogramu, na ni hatari hasa kwa farasi na nguruwe. Deoksinivalenoli huwafanya nguruwe wakatae kula, zearalenoni huvuruga uzazi wao. Ng'ombe huhimili hizi zaidi, lakini kama mnauza pia chakula cha nguruwe, ombeni zipimwe kwenye unga uleule uliokwisha kusagwa.

Kwa ng'ombe wa maziwa kuna njia nzuri ya kujikagua. B1 inayoliwa hutoka kwenye maziwa ikiwa aflatoksini M1, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, na zaidi kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi. Ng'ombe akila kilo 6 za chakula chenye B1 20 kwa kilo, ameingiza mikrogramu 120. Asilimia 2 ni 2.4, ikigawanywa kwa lita 20 ni 0.12 kwa lita. Hiyo ni chini ya kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha 0.5, na ni zaidi ya mara mbili ya kile cha Umoja wa Ulaya cha 0.05. Maziwa yakikorogwa huwa sawa kila mahali, kwa hiyo mateso ya uchotaji hayapo, na M1 huonekana ndani ya siku moja ya kula chakula kibaya, kisha hushuka sana siku chache baada ya kukiondoa. Ila kipimo hiki kinathibitisha tu kilichokwisha kutokea. Ng'ombe amekwisha kula.

Sasa mfanye nini kesho asubuhi. Pigieni simu maabara zote mbili mkaulize kama unga uliobaki upo. Kama upo, uvuke: unga wa maabara ya pili upimwe na ya kwanza, na wa ya kwanza upimwe na ya pili. Maabara ya kwanza ikisoma unga wa mwenzake karibu na 31, basi wote wawili wanajua kazi na tatizo ni kilo zenu mbili. Ikisoma 8 au 10, ELISA yao ina hitilafu, na waanze kukagua uoshaji, kiti na viwango rejea. Wakati huohuo chukueni sampuli mpya ya kilo 6 na nusu kwa utaratibu wa juu, isagwe yote, igawanywe mara tatu: sehemu moja ipimwe, ya pili ikae maabara, ya tatu kaeni nayo ninyi, kavu na kwenye baridi, ikiwa imefungwa na kusainiwa.

Mpaka jibu hilo lirudi, msichague namba inayowapendeza. Kama maabara zote ni nzima, kadirio bora mlilonalo ni wastani wa hizo mbili, 18.5. Mahindi hayo yakiwa nusu ya mchanganyiko, yanaleta zaidi ya 9 kwenye chakula hata kama viungo vingine vyote ni safi. Umoja wa Ulaya huruhusu B1 5 tu kwenye chakula mchanganyiko cha ng'ombe wa maziwa. Marekani hutumia 20 kwa jumla ya aflatoksini kwenye chakula chao, na nchi yenu ina kikomo chake ambacho ndicho cha kufuata. Kuyachanganya na mahindi safi ili wastani ushuke msifikirie: Umoja wa Ulaya umekataza, na ile punje yenye mikrogramu 120 haipungui kwa kupata majirani wapya. Magunia hayo 400 yatengwe, yawekwe juu ya vichanja mbali na ukuta, na ng'ombe wanaokamuliwa wasipewe hata debe moja.